Time of the Writer: Tamasha la Waandishi la Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal

Time of the Writer ni tamasha la waandishi linaloandaliwa mjini Durban, Afrika Kusini, na Kituo cha Sanaa za Ubunifu cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Lilianza mwaka 1998, na kwa desturi hufanyika mwezi Machi kwa muda wa wiki moja hivi.

Tamasha lilipoanza, nchi ilikuwa na miaka minne tu tangu uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Kabla ya hapo waandishi wengi Weusi walikuwa wamepigwa marufuku au kulazimika kuhama. Lewis Nkosi, mzaliwa wa Durban, aliondoka mwaka 1961 kwa kibali kisichomruhusu kurudi. Mazisi Kunene, mshairi mkubwa wa Kizulu, alikaa ughaibuni tangu 1959 hadi 1993, ndipo akarejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Natal, kama chuo hicho kilivyoitwa wakati huo. Wasomaji wa rika zima walikuwa wamekua bila kuwajua waandishi wa kwao, sembuse wa Senegali au Msumbiji. Kituo cha Sanaa za Ubunifu kiliundwa mwaka 1996 na mwaka uliofuata kikaanzisha tamasha la mashairi, Poetry Africa. Time of the Writer lilikuja kuwapa nafasi hasa waandishi wa riwaya na hadithi.

Makao yake ya awali yalikuwa ukumbi wa Elizabeth Sneddon, katika kampasi ya Howard College, juu ya kilima kinachotazama bandari. Jioni, waandishi hupanda jukwaani, husoma sehemu za kazi zao, kisha huhojiwa na kujibu maswali ya hadhira. Vitabu huzinduliwa, huuzwa na kutiwa sahihi papo hapo. Mchana wageni hao hutawanyika: wengine huenda shuleni, wengine huendesha warsha za uandishi, na wapo waliokwenda kufundisha wafungwa katika gereza la Westville. Wanafunzi wa sekondari huandaliwa shindano la hadithi fupi, kwa Kiingereza na kwa Kizulu. Kazi hii ya mchana haikupata sifa nyingi kama zile jioni za ukumbini, lakini ndiyo iliyowafikia vijana ambao wasingefika chuoni wakati wa usiku.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Natal kiliunganishwa na kile cha Durban-Westville, ambacho serikali ya ubaguzi ilikianzisha kwa ajili ya Wahindi. Tamasha likaendelea chini ya jina jipya la chuo.

Kufika kilimani ndiko kulikokuwa kugumu. Durban ni jiji lililopangwa kwa kutenganisha watu: kuanzia 1958 wakazi wa Cato Manor, jirani kabisa na chuo, walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa KwaMashu, kaskazini mwa jiji. Kwa msomaji wa huko, nauli na usafiri wa kurudi usiku vilikuwa kikwazo kikubwa kuliko tiketi yenyewe. Mwaka 2015 suala la urithi huo wa utengano lilipamba moto nchini kote. Maandamano ya wanafunzi wa Cape Town yalisababisha sanamu ya mkoloni Cecil Rhodes kung'olewa. Katika Howard College, sanamu ya Mfalme George V ilimwagiwa rangi. Na mwezi Mei mwandishi Thando Mgqolozana aliushutumu hadharani mfumo wa matamasha ya vitabu yanayoandaliwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 2016 Time of the Writer lilichagua mada ya kukiondolea kitabu ukoloni, na vikao vikapelekwa vitongojini, vikiwemo KwaMashu na Umlazi. Ni haki kusema kwamba tamasha hilo lilijibu lawama kwa vitendo mapema kuliko mengine mengi.

Oktoba 2017 UNESCO iliitangaza Durban kuwa Jiji la Fasihi, la kwanza barani Afrika.

Machi 2020, Rais Cyril Ramaphosa alipotangaza hali ya maafa kwa sababu ya UVIKO-19, tamasha lilikuwa limewadia. Waandaaji hawakuliahirisha, walilihamishia mtandaoni, na msomaji wa KwaMashu, alimradi awe na bando, akafuatilia mazungumzo sawa na profesa wa Howard College. Gharama ya bando hilo, hata hivyo, haikuwa ndogo kwa wengi. Watu waliporuhusiwa tena kukusanyika, vikao vya ana kwa ana vilirejea.