Tamaa ya siri na hila katika Biblia

Tamaa ya siri ni hamu ambayo mtu huilea moyoni akijua kwamba akiitaja hadharani atakatazwa. Biblia haielezi kila mara hamu hiyo kuwa dhambi papo hapo. Waraka wa Yakobo, sura ya 1, unaieleza kama uzazi: tamaa humvuta mtu, hutunga mimba, huzaa dhambi, na dhambi ikikomaa huzaa mauti. Yakobo hasemi sana jinsi hamu inavyotoka moyoni ikafika mkononi, na mwandishi wa makala hii anaona kwamba kazi hiyo hufanywa na hila. Akani, katika Yoshua 7, anakiri hatua zake mwenyewe: aliona joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, akavitamani, akavitwaa, akavifukia hemani mwake. Kule kufukia ndiko kunakomsuta. Angeamini kwamba vile vitu ni haki yake, joho angelivaa.

Kuna watakaouliza kama mwenye shida naye atahesabiwa kuwa mwenye tamaa. Kisa cha Wazigua wa Handeni, Tanzania, kinalo jibu lake. Katika njaa kali ya miaka ya 1830, masimulizi ya Wazigua yanasema, watu walikubali kuondoka na wafanyabiashara wa pwani kwa ahadi ya kazi na chakula, warudi hali ikitengemaa. Wakapakiwa majahazini, wakauzwa kusini mwa Somalia. Wengi walitoroka hadi bonde la mto Juba, na huko wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipowafukuza katika miaka ya 1990, baadhi walirudi Handeni, wakakaa Mkuyu na baadaye Chogo, na serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Njaa ya wale wa kwanza haikuwa siri; kila kijiji kiliijua na hakuna aliyeona aibu kuitaja. Aliyekuwa na la kuficha ni mwenye jahazi, aliyeahidi chakula huku akipiga hesabu ya bei ya mtu. Lakini Hawa naye alidanganywa, na bado akahukumiwa? Ndiyo, ila Hawa alilijua katazo na kumtajia nyoka mwenyewe kabla ya kula. Mzigua aliyeomba kazi ili ale hakuvunja agizo lolote.

Kisa kinacholingana zaidi na kile cha majahazi ni cha Yosefu, Mwanzo 37. Ndugu zake walimwuza kwa vipande 20 vya fedha, kisha wakachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi na kumpelekea baba aitambue mwenyewe. Wivu ulikuwapo siku nyingi. Kanzu ndiyo iliyowawezesha kurudi nyumbani na kuketi na mzee wao kama waliofiwa. Waislamu, ambao ni wengi Handeni na Korogwe, wanakijua kisa hiki kwa Sura ya Yusuf, ambamo Yakub anawaambia wanawe kwamba nafsi zao ndizo zilizowapambia jambo hilo. Hapo hayuko mbali na Yakobo wa waraka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye nguvu hahitaji hila. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambaa, alijiweka Mazinde, katika Korogwe ya leo, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara ya watumwa na pembe, na kwa bunduki hizo akashindania utawala waziwazi. Ni kweli, si kila uovu hupita njia ya Akani. Hata hivyo mfalme Ahabu, katika 1 Wafalme 21, alikuwa na jeshi, na shamba la mizabibu la Nabothi alilolitamani bado lilihitaji barua zenye muhuri wake na mashahidi wawili wa uongo ili Nabothi auawe, kwa kuwa urithi wa ukoo ulilindwa na sheria. Barua hizo aliziandika Yezebeli. Nabii Eliya alipotumwa, swali la kuua na kurithi alipewa kumwuliza Ahabu, aliyekuwa amejilaza kitandani akisusia chakula kabla mkewe hajaandika.