Lebo ya "sw": Simu inajuaje kwamba unasoma Kiswahili, na Kimakunduchi kimo wapi?

Simu nyingi za siku hizi zina sauti inayomsomea mtu maandishi. Asiyeona anaitegemea, na wazee ambao macho yameshachoka nao huiwasha. Kwenye ukurasa mmoja sauti hiyo inasoma Kiswahili vizuri, kila neno mahali pake. Ukifungua ukurasa mwingine, wa Kiswahili hichohicho, inasoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi hii, na neno "ng'ombe" halitambuliki tena. Simu haijaharibika. Mara nyingi kasoro ni lebo.

Lebo hiyo ni nini, ilitoka wapi, na sisi watu wa Makunduchi inatuhusu nini? Hayo ndiyo tunayoyaeleza hapa, kwa wale wasikilizaji wetu wanaopenda kuyasoma mambo taratibu.

Chukua gunia la mwani. Ndani umekaushwa, umefungwa, kwa nje magunia yote yanafanana. Lakini mnunuzi anataka kujua: hii ni spinosum au kotonii? Bei zake si sawa, kotonii ina bei kubwa zaidi. Ukiandika juu ya gunia, kazi imekwisha. Usipoandika, mtu atafungua, atanusa, atakisia, na anaweza kukosea. Ukurasa wa intaneti nao uko hivyo. Kuna maneno unayoyaona, na kuna alama zilizofichwa zinazoiambia simu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni picha, hii ni aya, na maneno haya ni ya lugha fulani.

Mfumo wa alama hizo unaitwa HTML. Aliyeuanzisha ni Mwingereza Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Uswisi. Alitoa pendekezo lake la kwanza mwaka 1989. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, haina malipo. Tangazo hilo ndilo lililoufungua mlango.

Lakini kitu cha wote kina taabu yake. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni za Netscape na Microsoft zilishindana kutengeneza programu za kufungulia kurasa, na kila moja ikawa inabuni alama zake. Moja ikaleta alama ya kuyafanya maneno yapepese kama taa ya gari la wagonjwa, nyingine ikaleta ya kuyafanya yatembee kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili. Ukurasa uliotengenezwa kwa programu hii ulivurugika kwenye ile. Waandishi wa habari za teknolojia wa wakati ule waliripoti vita hivyo kama mtu anavyotangaza mpira. Shirika la W3C, lililoundwa mwaka 1994 akiwemo Berners-Lee mwenyewe, lilikuwa likijaribu kuwakalisha wote kwenye mkeka mmoja. Mwaka 1998 likatoa XML, utaratibu unaoruhusu kila fani ijitungie lebo zake, ilimradi zifungwe kwa kanuni moja.

Katika kelele hizo jambo dogo lilipita bila ngoma. Januari 1997 ilitoka hati ya kitaalamu, RFC 2070, iliyotaka kurasa ziweze kubeba lugha zote za dunia na si za Ulaya Magharibi tu. Humo mkawa na lebo ya lugha. Desemba mwaka huohuo ikaingia katika toleo la nne la HTML. Kwa maoni yangu, kwetu sisi hilo lilikuwa na uzito kuliko vita vyote vya Netscape na Microsoft.

Lebo yenyewe ni fupi: lang="sw". Herufi hizo mbili zimetoka katika orodha ya kimataifa ya lugha, ISO 639, iliyochapishwa mwaka 1988. Kiingereza ni "en", Kiarabu ni "ar", Kiswahili ni "sw". Wapo wanaoandika "tz", lakini hiyo ni alama ya nchi. Ukitaka kutaja nchi unaiongeza mbele ya lugha: sw-TZ kwa Tanzania, sw-KE kwa Kenya. Baadaye ilikuja orodha ya herufi tatu, na humo Kiswahili cha pwani kikapewa "swh" na cha Kongo "swc".

Sasa kwa nini ukurasa wa Kiswahili usomwe kwa sauti ya Kiingereza? Sababu ya kawaida ni kwamba mtengenezaji alichukua kiolezo kilichotengenezwa ng'ambo, kimeandikwa "en" tayari, akaandika Kiswahili chake humo na lebo akaiacha ilivyo. Programu nyingi siku hizi hukisia lugha kwa kuyasoma maneno yenyewe, kwa hiyo msomaji anayeona huenda asigundue kitu. Anayesomewa kwa sauti ndiye anayeumia.

Ukitaka kuchungulia mwenyewe, kwenye programu ya Chrome gusa pale penye anwani ya ukurasa, andika view-source: mwanzoni mwa anwani, bila nafasi, kisha fungua. Utaona msitu wa alama. Usiogope, huwezi kuharibu chochote. Tafuta neno lang katika mistari ya juu.

Lebo za saa nazo zina mambo yake. HTML ya sasa ina alama ya wakati, nayo inataka saa za kuanzia usiku wa manane: 00:00 hadi 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapotua. Mkutano wa saa 2 usiku, kwa mashine ni 20:00. Mwandishi akiingiza 02:00 kwa sababu kaona "saa 2", simu ya msomaji itamwita saa nane usiku, na mkutano umekwisha zamani. Maneno unayoyaona yanaweza kuwa sahihi kabisa na lebo ikawa imekosea.

Tugeuke nyumbani. Kuanzia Kajengwa hadi Kijini watu wanazungumza Kimakunduchi, ambacho wenyewe wanakiita pia Kikae. Lahaja hii haikukosa waandishi. Mwaka 1994 Haji Chum alichapisha kitabu cha msamiati wake, Msamiati wa Pekee wa Kikae. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, likatoa Kamusi la Lahaja ya Kimakunduchi. Lakini kwenye orodha ya lebo za intaneti Kimakunduchi hakimo. Maandishi ya Kikae yakiwekwa mtandaoni yanapewa "sw" tu, na programu ya kusahihisha tahajia inayapigia mstari mwekundu kana kwamba mwandishi hakufika skuli.

Mtu atasema lahaja zote duniani ziko hivyo. Sivyo. Orodha hiyo ina sehemu ya lahaja, na humo lahaja ya mji wa Liverpool, Uingereza, ina lebo yake: scouse. Mwenye kuandika kwa lahaja hiyo anaweka en-scouse na mashine inajua. Haikupewa kwa sababu Liverpool ni mji mkubwa wala kwa sababu serikali iliomba. Aliyeomba alijaza fomu.

Utaratibu wa fomu hiyo umeandikwa wazi katika kanuni za mwaka 2009 ziitwazo RFC 5646. Mtu yeyote anaweza kuomba, hakuna ada. Ombi hutumwa kwa barua pepe kwa jopo la wazi linalolijadili kwa wiki mbili, kisha mkaguzi anaamua kulikubali au kulikataa. Fomu inauliza lebo itakuwa neno gani, itatanguliwa na lugha ipi, ina maana gani, na kama kuna kitabu kinachoieleza lahaja hiyo. Vitabu tunavyo, hivyo viwili nilivyovitaja.

Hata kabla ya ombi, kanuni hizohizo zinaruhusu lebo ya binafsi baada ya herufi x. Mwalimu anayeweka hadithi za wazee mtandaoni anaweza kuandika sw-x-kikae leo hii bila kumuuliza mtu. Mashine za nje hazitaielewa sehemu ya mwisho, zitasoma "sw" na kuendelea, lakini maandishi yote yenye alama hiyo yataweza kutafutwa na kukusanywa pamoja siku ikihitajika.

Kwa atakayejaza fomu, kuna sharti la urefu: lebo ya lahaja inayoanza kwa herufi iwe na herufi 5 hadi 8. "Makunduchi" ina 10, haiingii. "Kae" ina 3, ni fupi mno. "Kikae" ina 5.