Jinsi buibui wachanga wanavyoepuka kulana

KATIKA maghala na viwanda vya Industrial Area, jijini Nairobi, si ajabu kumwona buibui ametanda uzi wake pembeni mwa dari au nyuma ya magunia. Mdudu huyu ni mwindaji asiyebagua, na hata mwenzake humla akimpata. Hata hivyo, mfuko mmoja wa mayai huweza kutoa watoto makumi kadhaa, pengine mamia, wakaishi wamesongamana kwa siku kadhaa bila kudhuriana.

Sababu ya kwanza ni shibe. Mtoto huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, naye hujivua gamba la kwanza angali ndani ya mfuko. Muda huo hana haja ya kuwinda.

Sababu ya pili ni malezi. Buibui wa jamii ya Lycosidae, ambao huwinda ardhini, huwabeba watoto wao mgongoni mpaka waweze kujitegemea. Mama wa jamii ya Stegodyphus, ambayo hupatikana pia Afrika Mashariki, huwacheulia wanawe chakula, na mwishowe wao humla yeye mwenyewe.

Ya tatu ni mazoea. Mwaka wa 2019, watafiti wa Toulouse, nchini Ufaransa, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya buibui aitwaye Agelena labyrinthica. Waliolelewa pamoja waliendelea kuvumiliana hata baada ya umri wa kutengana kupita, ilhali waliotengwa waligeuka wakali. Kwa hivyo si ugomvi unaowatawanya ndugu hawa, bali ni upweke unaowafanya wawe maadui.

Akiba inapokwisha, wengi huhama. Mtoto hupanda mahali palipoinuka, huinua tumbo na kutoa uzi mwembamba, kisha upepo humchukua. Mmoja huweza kutua kwenye ukuta wa jirani, mwingine akavuka mapaa ya mabati hadi mtaa wa pili. Kila mmoja hupata uwanja wake wa kuwinda nzi na mbu, jambo ambalo lamfaa hata binadamu.

Lakini amani hiyo ina kikomo. Watoto wakizuiliwa mahali pamoja bila chakula, wakubwa huwala wadogo, kwani mwenye njaa hana miiko.