Tunapohama, mbwa na paka tumwachie nani?

Ndugu msomaji, katika miji yetu kuhama nyumba ni jambo la kawaida. Kodi ikipanda, mpangaji hutafuta chumba kwingine. Aliyemaliza kujenga kibanda chake Kimara au Mbagala hufunga virago akaenda kwake. Kwenye pikapu hupakiwa kitanda, kabati, ndoo, na hata kuku ndani ya tenga. Lakini mbwa aliyelinda ua ule miaka mitano, na paka aliyewamaliza panya wa jikoni, mara nyingi huachwa wakilitazama gari likiondoka. Juma hili napenda tulitazame jambo hili kwa jicho la historia.

Twende Uingereza mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inabisha hodi, na Serikali ilikwisha panga kuwaondoa watoto na kina mama katika miji mikubwa na kuwapeleka vijijini. Katika siku za mwanzo za Septemba watu wapatao milioni 1.5 walihamishwa. Mbwa na paka hawakuwamo katika mpango huo. Kamati iliyoundwa kushughulikia wanyama wakati wa mashambulizi ya ndege ilikuwa imetoa ushauri: ikiwezekana, mpeleke mnyama wako shamba mapema, kama huna wa kumkabidhi, ni huruma zaidi kumwua.

Wengi walishika maneno ya mwisho. Vita ilipotangazwa tarehe 3 Septemba, watu walipanga misururu mirefu nje ya zahanati za wanyama, wengine wakiwa na paka kikapuni, wengine wakishika kamba za mbwa wao. Inakadiriwa kwamba mbwa na paka wapatao 400,000 waliuawa London katika siku chache tu. Wakati huo hakuna bomu hata moja lililokuwa limeuangukia mji huo. Mashambulizi makubwa yalianza tarehe 7 Septemba 1940, mwaka mzima baadaye!

Wala si kweli kwamba hapakuwa na njia nyingine. Makao ya mbwa ya Battersea hayakufunga milango, na mwanamke mmoja wa ukoo mkubwa, Duchess of Hamilton, aliwapokea mamia ya wanyama katika shamba lake la Ferne. Baadaye, paka waliolinda maghala ya chakula dhidi ya panya walipewa mgao wao wa maziwa ya unga. Yule aliyeonekana mzigo mwaka 1939 sasa alikuwa mlinzi wa chakula cha taifa.

Mwaka 1986 mambo yalijirudia kwa sura nyingine. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili, na siku iliyofuata wakazi wa mji wa Pripyat, wapatao 49,000, walipakiwa kwenye mabasi. Waliambiwa wangerudi baada ya siku chache, hivyo wakawaacha wanyama wao. Hawakurudi. Askari walitumwa kuwapiga risasi mbwa waliobaki, wasije wakasambaza sumu ya mionzi. Baadhi waliponea chupuchupu, na mbwa wangali wanazurura eneo lile hadi leo.

Somo lilikuja kueleweka Marekani mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans. Vituo vingi vya kuwahifadhi watu vilikataa wanyama. Wako waliokataa kuhama bila mbwa wao, nao maji yakawakuta humo humo ndani. Mwaka 2006 nchi ile ilitunga sheria inayotaka mipango ya uokoaji izingatie pia watu wenye wanyama wa nyumbani. Watunga sheria walikuwa wametambua kwamba ukimsahau mbwa, umemsahau na mwenye mbwa.

Sisi hatukimbii mabomu, ndugu msomaji. Tunahama kwa hiari, tarehe tunaijua. Kwa hiyo udhuru wetu ni mdogo kuliko wa wale wa London. Isitoshe, mbwa aliyeachwa hana wa kumpeleka kwenye chanjo, na kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mbwa uliyemwacha leo ndiye anayeweza kumng'ata mtoto wa jirani yako wa zamani. Nayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hapa Tanzania inamtaka mwenye mnyama amtunze.

Kinachotakiwa si gharama kubwa. Muulize mwenye nyumba mpya mapema kama anakubali mnyama. Mchanje mbwa kabla ya safari. Paka mbebe ndani ya kikapu chenye kifuniko, kisha mfungie katika chumba kimoja, pamoja na tambara lake la kulalia lisilofuliwa, maana harufu anayoijua humtuliza. Kaa naye ndani majuma mawili au matatu kabla ya kumfungulia mlango, la sivyo atajaribu kurudi alikotoka. Mbwa mlishe saa zile zile alizozoea, na siku za mwanzo mtembeze kwa kamba mpaka aijue mitaa. Na kama kweli huwezi kwenda naye, mtafutie mtu wa kumtunza, tena umkabidhi mkononi.

Wale wa London walikuwa na hofu ya vita. Sisi tunaohama kwa pikapu, mchana kweupe, tutasema tulikuwa na hofu ya nini?