Chuma Kilichofungiwa: Kusoma Kipimo cha Damu Wakati wa Homa ya Virusi

Mgonjwa wa mafua makali, UVIKO-19 au dengue akipimwa madini ya chuma katika damu homa ikiwa bado juu, mara nyingi kiwango huwa chini ya kawaida. Mtabibu mwenye haraka humwandikia vidonge vya kuongeza damu. Uamuzi huo hauna msingi: chuma hakijapungua mwilini, kimefungiwa.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma, lakini kinachozunguka katika plazima ni kama miligramu 3 tu. Kila siku makrofaji za wengu na ini huvunja seli nyekundu zilizozeeka na kurudisha damuni miligramu 20 hadi 25, wakati chakula huchangia 1 au 2. Basi makrofaji zikiacha kutoa, kipimo huporomoka ndani ya saa chache ilhali ghala limejaa. Anayefunga mlango ni hepsidini, homoni ya ini iliyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinga ikiamshwa na virusi, interleukini-6 hulichochea ini kuimwaga kwa wingi, nayo huharibu feropotini, protini inayopitisha chuma kutoka ndani ya seli. Chuma cha plazima hushuka, huku feritini, ambayo siku za kawaida hutuonyesha akiba, ikipanda.

Feropotini hiyohiyo ndiyo hupitisha chuma kutoka ukuta wa utumbo kuingia damuni. Kidonge kinachomezwa wakati huo hakifiki mbali; humwachia mgonjwa kichefuchefu na choo cheusi.

Homa kali ya ini huenda kinyume. Seli za ini zinapokufa humwaga chuma zilichokihifadhi, na kiwango damuni hupanda. Kwa hiyo hata kusema “virusi hushusha chuma” ni kurahisisha mno.

Wapo wanaoona kushuka huku ni ulinzi tusiopaswa kuugusa. Dhidi ya bakteria wanaonyonya chuma nje ya seli, hoja hiyo ina nguvu. Virusi, hata hivyo, huzaliana ndani ya seli, na utafiti wa Oxford uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba panya waliopungukiwa chuma cha plazima walijenga kinga dhaifu dhidi ya mafua. Limfosaiti nazo zinahitaji chuma ili ziongezeke. Naona mwili unatumia silaha ya bakteria kwa kila adui, na wakati mwingine unajiumiza. Lakini hilo halihalalishi vidonge. Jaribio la Pemba, lililochapishwa 2006, lilisitisha utoaji wa chuma na foliki asidi kwa watoto baada ya vifo na kulazwa kuongezeka. Kisa kilikuwa malaria, ila tahadhari yake inatuhusu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linapandisha kizingiti cha feritini kwa mtu mzima mwenye maambukizi kutoka mikrogramu 15 kwa lita hadi 70. Marekebisho hayo ni ya lazima, lakini hayamfai mgonjwa wa dengue ambaye feritini yake imefika maelfu. Kwake nashauri tuangalie ukubwa wa seli nyekundu, kisha turudie kipimo cha chuma wiki kadhaa baada ya kupona. Seli hizo huishi siku zipatazo 120. Zikionekana ndogo, homa ya siku tano haikuzifanya hivyo, na huenda upungufu ulikuwapo kabla ya kirusi.