Mwanasheria wa Halmashauri na Mtoto wa Watu

Katika England na Wales, jirani hawezi kwenda mahakamani kuomba amri ya matunzo, ile inayomweka mtoto mikononi mwa halmashauri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kimeiachia halmashauri kazi hiyo, pamoja na shirika moja la hisani, NSPCC. Ndiyo sababu halmashauri za huko huajiri wanasheria ambao kutwa kucha hawashughulikii jambo jingine.

Nyuma ya sheria hiyo kulikuwa na misiba miwili inayokinzana. Mwaka 1973 Maria Colwell, mwenye miaka saba, aliuawa na baba wa kambo baada ya kurudishwa kwa mama yake. Mwaka 1987, huko Cleveland, watoto zaidi ya 100 walichukuliwa kwa shuku ya kunajisiwa, kisha wengi wakarudishwa makwao. Ukichelewa unazika, ukiharakisha unavunja nyumba.

Kwa hiyo mwanasheria huyo, kabla hajabishana na wazazi, hubishana na mteja wake mwenyewe, afisa ustawi. Afisa akiandika "mama hajali", karatasi inarudi. Lini? Ulimwona wewe au uliambiwa? Ulipofika, mtoto alikuwa amekula? Jalada lenyewe lina kipimo: karatasi zisizidi 350 ila kwa ruhusa ya mahakama, na kesi iishe ndani ya wiki 26. Mzazi naye hupewa wakili kwa gharama za serikali, awe tajiri au fukara.

Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 94, nayo inaikabidhi serikali ya mtaa wajibu wa kumlinda mtoto. Kipimo cha kumwondoa nyumbani ni kile kile cha England na Wales: madhara makubwa, au hatari ya kuyapata. Lakini mwombaji wa amri ya matunzo ni afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayechunguza, ndiye anayeomba, na amri ikitoka ndiye anayemchukua mtoto. Mwanasheria wa halmashauri yuko chumba cha pili na mikataba, mashamba yenye migogoro na sheria ndogo. Lile swali la "uliona au uliambiwa?" mara nyingi linamsubiri hakimu.

Hata hivyo, sioni kwamba Waingereza wametushinda kila mahali. Amri yetu ina ukomo wa miaka mitatu, na mtoto anaweza kuwekwa kwa ndugu. Yao huweza kudumu hadi afikishe miaka 18, na mahakama inaweza kuruhusu aasiliwe hata mzazi akikataa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya huko ilisisitiza kuwa hilo liwe la mwisho kabisa. Kwangu bado ni kali mno: kimila, shangazi na bibi hawafutwi kwa hati.

Ila undugu huo huo una mtego wake, nao ni "tuyamalize kifamilia". Mjomba anatozwa faini, wazee wanapeana mikono, na mtoto analala ua ule ule na aliyemuumiza. Hapo ndipo mwanasheria anapohitajika kuliko popote, kwa kuwa afisa ustawi peke yake ni mgeni mbele ya ukoo mzima.

Wakurugenzi wa halmashauri, hili halihitaji sheria mpya. Mteueni mwanasheria mmoja asome majalada ya ustawi kabla hayajafika Mahakama ya Watoto, na siku ya kesi akae upande wa afisa.