Mali imo daftarini, mwenyewe hayumo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Wamaasai ilipatwa na kinyume chake. Shanga, mikuki, ngao na bangili zilizotoka mikononi mwao enzi za ukoloni ziliandikwa daftarini, zikapewa namba na kufungiwa makabatini Ulaya. Aliyepotea ni mwenyewe.

Mfano mzuri ni rejesta ya Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers la Chuo Kikuu cha Oxford, lililoanzishwa mwaka 1884. Namba ya kila kitu huanza na mwaka kilipopokelewa. Hufuata maelezo mafupi, kabila, na jina la aliyekitoa. Miongoni mwa watoaji yumo Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni ambaye kitabu chake kuhusu lugha na ngano za Wamaasai kilichapishwa huko huko Oxford mwaka 1905. Jina lake limehifadhiwa. Aliyetengeneza bangili na aliyeivaa wamefunikwa na jina moja tu la kabila.

Mwenye bangili aliachana nayo vipi? Daftari haligusii, ila historia ya Kenya inatoa picha. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Loitokitok hadi Ngong na msafara wake, akitoa hongo ya shanga na nyaya ili apewe njia. Wakati huo Wamaasai ndio waliokuwa wakipanga masharti. Miaka michache baadaye sotoka ilifagia ng'ombe, ndui ikaua watu, na koo zikapigana zenyewe kwa zenyewe. Wamaasai waliodhoofika hivyo ndio waliokutwa na serikali ya Mwingereza. Kwa mkataba wa 1904, uliotiwa alama na laiboni (kiongozi wa kiroho) Olonana, waliondolewa Bonde la Ufa na kugawanywa katika hifadhi mbili, Laikipia na kusini. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia, wakasukumwa kusini, katika nchi ambayo leo ni Narok na Kajiado. Katika hali hiyo kitu kingeweza kuuzwa kwa njaa, kutolewa kwa hofu, au kuchukuliwa kwa nguvu. Rejesta inaweza kuyaita yote hayo zawadi.

Hapo ndipo orkatar inapotatiza. Ni bangili ambayo baba humwachia mwanawe pamoja na wajibu wa boma. Haiuzwi sokoni, wala mgeni hapewi kama kumbukumbu ya safari. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai kutoka Tanzania, alizuru Pitt Rivers na kukuta vitu vya kwao vimewekwa kwa maelezo yaliyokosewa. Ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ukafuata, na vitu vitano, orkatar ikiwemo, vikatajwa kuwa havikupaswa kamwe kutoka kwa wenyewe.

Mwaka 2020 Lemaron ole Parit, wa ukoo wa malaiboni, alifika Oxford na enkidong, kibuyu cha mawe ya kupigia ramli, akaulizia namna vitu hivyo vilivyoondoka. Msomi wa nyaraka anaweza kutabasamu, lakini nyaraka zake zilikuwa zimekaa kimya kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2023 wakuu wa jumba hilo walikuja hadi kwa familia zilizotambuliwa kuwa za wenye vitu hivyo kufanya suluhu, na kila familia ikapewa ng'ombe 49, idadi ile ile ambayo mila ya Kimaasai hutoza kwa damu ya mtu.

Oxford ni kabati moja tu. Kati ya 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nest Collective na SHIFT, pamoja na majumba ya Cologne na Frankfurt, walikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo. Walipata zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Maonyesho ya Nairobi mwaka 2021 yaliweka makabati matupu, watu wajionee pengo lenyewe.

Orodha hiyo ina kasoro ile ile iliyoirithi kutoka madaftari ya kale: anayejulikana ni aliyebeba. Lakini shanga zenyewe zina anwani. Wakaputiei wa Kitengela na Isinya, Wamatapato wa Namanga, Walodokilani wa Magadi na Wakisongo wa Loitokitok, kila kundi likiwa olosho (tawi la Wamaasai) katika Kajiado, hawapangi rangi kwa namna moja, na mipangilio hubadilika rika hadi rika. Mama aliyeshona maisha yake yote huweza kukuambia pambo ni la upande gani na la wakati wa nani kabla hujamaliza kuuliza. Mhifadhi wa Ulaya aliyesomea vyuma na ngozi hana elimu hiyo.

Kwa hiyo kazi iliyobaki iko Kajiado. Serikali ya kaunti, shule na vikundi vya akina mama wanaweza kuletewa picha za vitu vilivyo ng'ambo na kuzijazia nafasi zilizoachwa wazi: olosho, rika, ikiwezekana ukoo. Na kazi hiyo ianzie kwenye vibanda vya barabara ya Namanga, ambako mikufu hununuliwa kila siku na wageni bila karatasi yenye jina la aliyeishona. Ikiachwa hivyo, katalogi ya karne ijayo nayo itamjua mnunuzi peke yake.